Maji ya bandani hayafiki tena kisimani kwa Konsolata

Saa kumi na mbili asubuhi, ukingoni mwa Lipangalala mjini Ifakara, Agnella Mponji amevaa mabuti ya mpira yanayomfika magotini na anakwangua kinyesi cha nguruwe kwa koleo. Ndoo ya maji bado hajaigusa. Nguruwe sitini na wawili wanapiga kelele wakidai chakula, naye anawajibu bila kuinua kichwa: "Subirini, kwani njaa mmeianza nyie?"

Anachokwangua anakipakia kwenye toroli, anakimwaga chini ya kibanda cha bati na kukichanganya na makapi ya mpunga ili kiwe mbolea. Baada ya hapo ndipo anaosha sakafu. Maji ya kuoshea yanaingia kwenye mfereji wa saruji, na kuanzia hapo anayafuata hatua kwa hatua kama mchungaji.

Agnella ana miaka 44 na watoto wanne. Ameajiriwa kwenye mabanda ya mfugaji Beatus Lihawa, na kazi yake kubwa leo ni kusafisha maji machafu yanayotoka humo. Maji hayo hupita kwenye madimbwi matatu. La kwanza ni shimo ambamo tope hutulia chini. La pili limejaa kokoto na matete, ambayo mizizi yake hunyonya uchafu. La tatu liko wazi. Maji hukaa humo juani wiki mbili, kisha huachiwa kwenye migomba ya Beatus.

"Wageni wakija wanaziba pua tangu mbali," anasema akicheka. "Wakifika hapa la tatu, mikono inashuka yenyewe."

Zamani hakukuwa na dimbwi hata moja. Kwa miaka sita Agnella aliosha mabanda kwa ndoo arobaini kila siku na kusukuma kila kitu kwa fagio hadi nje.

"Sakafu inang'aa, mimi najiona nimefanya kazi safi," anakumbuka. "Yanakoenda sikuuliza."

Yalikuwa yanaenda bondeni kwa Konsolata Mlali, mjane wa miaka 63 anayelima mpunga na mboga. Kisima chake kifupi kiko hatua kama mia moja chini ya mabanda. Vuli ya mwaka juzi maji yake yakaanza kunuka. Ya kunywa aliyachemsha, lakini vyombo aliviosha hivyohivyo. Aliharisha na kutapika siku tatu, akalazwa.

"Nesi aliniuliza, 'Mama, unachota wapi maji?' Nikajua hapohapo," anasema Konsolata.

Agnella alimpelekea uji wodini na kumkuta ametundikiwa dripu. "Akaniambia, 'Agnella mwanangu, yale maji yananuka nguruwe.' Nikamwambia, 'Mama, ni mimi ninayeyasukuma.' Alinitazama, halafu akageukia ukutani."

Baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, mama huyo hakuitikia salamu yake kwa miezi mitatu. "Namwamkia shikamoo, ananipita. Kwetu Mahenge, mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, amekutoa kabisa," anasema Agnella.

Mkutano wa mtaa ulimpa Beatus siku tisini: ayadhibiti maji au aondoe nguruwe. Beatus anakiri kwamba alikata tamaa.

"Nilishamwita mnunuzi. Agnella akaja akaniambia, 'Kaka, ukiwauza wataenda kumnukia mtu mwingine. Tujaribu kwanza.'"

Wakamtafuta Eveline, afisa mifugo. Alipofika alimkuta Agnella ameshika ndoo. "Aliniambia, 'Dada, weka ndoo chini, chukua koleo. Uchafu mkavu ni rahisi kuubeba. Ukishaumwagia maji, umezaa mwingine.'" Ndoo arobaini zikashuka hadi kumi na nne kwa siku.

Beatus alinunua saruji. Agnella na vibarua wawili walichimba wiki tano. Matete aliyakata mwenyewe kandokando ya Mto Kilombero na kuyaleta kwa baiskeli, mzigo baada ya mzigo.

Zikiwa zimebaki siku nane muda uishe, masika ikawakuta. Mvua ilianza asubuhi, na ilipofika saa nane mchana ukuta wa shimo la kwanza, upande wa bondeni, ukapasuka ufa. Beatus alikuwa amesafiri kwenda Mlimba kutafuta pumba. Agnella alishuka peke yake, akaanza kuukinga ufa kwa viroba vya udongo huku akipiga kelele za kuomba msaada.

Wa kwanza kufika alikuwa Konsolata, na jembe begani.

"Nilidhani amekuja kunisema," anasimulia Agnella. "Akafoka, 'Usisimame unanitazama, shika kiroba nijaze!'"

Konsolata anapoulizwa sababu, anatikisa kichwa. "Nilimwona amezama kwenye kinyesi mpaka kiunoni kwa ajili ya kisima changu. Ningeendelea kununa, ningekuwa mtu gani?"

Majirani wengine wakafuata. Waliziba ufa, wakarundika viroba safu tatu, na ukuta ukashika mpaka mvua ilipokatika saa kumi na moja jioni. Waliketi kwenye matope, wamelowa. Kisha Agnella akasema tena, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Konsolata akaitika.

Kwenye mkutano wa mtaa uliofuata, ni Konsolata aliyesimama kuomba mabanda yaongezewe muda hadi maji yapimwe. Ukuta ulijengwa upya kwa mawe. Kisima kilikaushwa, kikasuguliwa na kutiwa dawa. Sampuli ya kwanza haikupita. Ya pili nayo bado. Julai, Eveline alikuja na karatasi ya tatu, akaisoma kwa sauti mbele ya banda: maji hayana tena vimelea vya kinyesi.

"Nilikaa chini palepale," anasema Agnella. "Nilikuwa nalia na mikono yote ina mavi, siwezi hata kujifuta. Mama Konsolata akanifuta kwa kanga yake."

Konsolata hajaacha kuchemsha maji ya kunywa, kwa ushauri wa wataalamu, lakini sasa anachota bila kunusa ndoo. Mshahara wa Agnella umepanda kutoka shilingi 120,000 hadi 200,000 kwa mwezi, kwa sababu mbolea inapata wanunuzi. Tope la shimo la kwanza bado hulitoa kila baada ya miezi miwili, kazi ambayo hakuna anayeigombea.

Mavuno ya mpunga yakiisha, Agnella atakwenda Kisawasawa. Wafugaji wa nguruwe wa huko wamemwomba akasimamie uchimbaji wa madimbwi kama yake, na Beatus amemruhusu wiki tatu. Ndoto yake ni kwamba kila banda bondeni humu liwe na mtu wa kuyafuata maji yake.

"Wamenipigia simu wanasema wana nguruwe wazuri, watanionyesha nikifika," anasema huku akishika tena koleo. "Nimewajibu, 'Nguruwe tutawaona jioni.' Kwanza nipelekwe yanakoteremkia maji."