Niliuza Ardhi Nikidhani Nyumba Bado Yangu

Nimezoea kukemea watu, mtaa mzima wa huku kwetu Likoni wanijua hivyo, kwa hivyo leo kuandika jambo linalonikemea mwenyewe mkono umekuwa mzito, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa Mwanasha jirani yangu, kwa sababu Mwanasha akisimulia hutia chumvi, na hili aibu yake yatosha bila ya chumvi.

Mimi nina miaka sabini na kitu (kitambulisho chasema sabini na moja, marehemu mamangu alikuwa akisema nimezaliwa mwaka wa njaa, basi chagueni wenyewe), shule niliacha darasa la tatu, na nacheza mchezo wa simu. Haya, chekeni, mkimaliza nitaendelea. Mchezo wenyewe ni wa mashamba, wapewa kiwanja, walima, wafuga, wauza sokoni kwa sarafu za humo humo, na watu wa kila pembe wamo, wazungumza kwa sauti kama wamekaa baraza moja. Alinitia humo mjukuu wangu Zuhura, niliyemlea tangu mamake kufariki, wiki moja kabla hajaondoka kwenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba. Alisema, "Bibi, utapata kitu cha kukushughulisha." Nikamwambia mimi shughuli ninazo.

Haja ya mchezo ilikuja baadaye, tulipojua kwamba tajiri wake huko amemshikia simu, humpa Ijumaa ya mwisho wa mwezi tu, kwa dakika chache, tena amesimama mlangoni. Lakini watoto anaowalea wana ile simu kubwa ya kuchezea, na mchezo wanaoupenda ni huu huu wa mashamba. Kuzungumza humo hawezi, watoto wamefungiwa sauti, ila akikaa nao huweza kutembea mpaka kwenye kiwanja changu, pale karibu na kisima, na kuandika kwenye ubao ulioko mbele ya nyumba. Basi hiyo ndiyo ikawa posta yetu. Nikiswali alasiri nafungua simu nakuta mistari miwili. "Bibi, leo wamekula wali wa nazi wakataka tena." "Bibi, goti limepoa?" Na mimi namjibu pale pale, kwa kidole kimoja, pole pole.

Sasa, siku moja wenye mchezo wakatoa tangazo kwamba sarafu zimekuwa nyingi kupita kiasi, na kuanzia Jumatatu watazishusha thamani. Kipande cha dhahabu ulichokuwa ukinunua kwa sarafu mia, utakinunua kwa mia tano. Loo, mkutano ulioitishwa! Ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri, kila mtu sokoni anapiga kelele, wengine walia kwamba wameibiwa jasho la miaka miwili, wengine wasema ni haki, waliorundika sarafu wamewafanya wageni wasiweze kununua hata kuku. Na mimi (hapa ndipo palipoanza ubaya) nikafungua sauti ya simu mpaka mwisho, barazani kwangu, ili Mwanasha na wale kina mama waliokuwa wakisuka ukili wasikie vile wajukuu za watu wanavyoniamkia huko. Kwani kila nikiingia husikia, "Shikamoo Bibi Likoni!" Nami nikiitikia marahaba nakuwa kama nimeongezwa urefu.

Wakaniuliza rai yangu. Nikawaambia mimi sikusoma lakini nimeona shilingi ikishuka kwa macho yangu mawili, naijua ilikuwa ikinunua nini na sasa yanunua nini, na walionusurika ni wanawake waliokuwa na dhahabu masikioni. "Uzeni mlivyonavyo leo, watu wana haraka ya kutupa sarafu, watawapa bei yoyote. Kisha sarafu hizo msilale nazo, zigeuzeni dhahabu kabla ya Jumatatu."

Kijana mmoja wa Nairobi, wamwita Brayo, akasema, "Shosho, hapo kwa dhahabu uko sawa. Lakini ardhi usiguse. Hiyo pesa itashuka ipande, shamba inabaki shamba."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili, shosho."

"Basi nyamaza, ukifika themanini nitakuuliza."

Watu wakacheka, Mwanasha akapiga makofi, na mimi kichwa kikavimba. Mtu mmoja akasema kwa mzaha kwamba Bibi ni wa maneno tu, mbona mwenyewe hauzi? Mimi naambiwa wa maneno tu! Nikatangaza pale pale kwamba kiwanja changu cha kisimani nakiuza. Akajitokeza mtu wa bara mwenye sauti ya upole, humo ajiita Baba Kuku, akatoa bei ambayo sikuitarajia. Nikabonyeza. Brayo akasema, "Shosho, umesoma hayo maandishi kwanza?" Sikusoma. Herufi zilikuwa ndogo na mimi nilikuwa nikitazamwa.

Na hapa lazima niwaeleze nilichokuwa nacho kichwani, maana mtu wa mbali ataniona mwendawazimu. Huku kwetu ardhi ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine. Nyumba hii ninayokaa aliijenga mume wangu, Mungu amrehemu, mawe na makuti ni yake, lakini chini si kwetu, chini kuna mwenyewe, twamlipa kodi ya ardhi. Huyo mwenyewe ameshauza ardhi yake mara mbili nikiwa humu humu ndani napika, akaja mwenye ardhi mpya akabisha hodi, akajitambulisha, akanywa kahawa, nikaendelea kumlipa yeye. Hata minazi ya uani ni ya mtu mwengine kabisa. Ndivyo nilivyozaliwa nikakuta. Basi nilipouza kile kiwanja sikuwaza hata mara moja kwamba nauza nyumba. Nilijua nauza mchanga.

Nikanunua dhahabu yangu, nikarudi kisimani nikae kwangu. Mlango haufunguki. Nikagonga tena. Nikapiga hodi kwa sauti, kweli kabisa, barazani, kina mama wanisikia, "Hodi! Hodi humo!" Baba Kuku akajibu, "Bibi, hapa nimeshanunua mimi."

Nikamwambia, "Umenunua ardhi, baba. Nyumba ni yangu. Niambie kodi yako ni ngapi kwa mwezi, nitakulipa."

Kicheko kilichotoka kwenye ile simu, wallahi, sijapata kuchekwa vile tangu nizaliwe. Mtu mmoja akasema, "Bibi ataka kukodi alichouza!" Na Baba Kuku, pole pole tu, bila ya ubaya, akaanza kuvunja. Kwenye mchezo kuvunja hakuchukui muda, ni kidole tu. Paa likaenda. Ukuta ukaenda. Ubao ukaenda, na maneno ya Zuhura ya siku ile, ambayo nilikuwa sijayajibu. Mahali pake akaweka banda la kuku.

Nilipaswa kumwambia ule ubao ni wa nini. Maneno kumi yangetosha. Badala yake nikamwambia yeye ni mwizi, kwao hawana adabu, na mamake hakumfunza.

Baba Kuku akasema, "Mamangu tumemzika mwezi jana, Bibi."

Huku kwetu, aliyemtaja mama wa mtu kwa ubaya, watoto wadogo hufundishwa kumkimbia. Mwanasha akakunja ukili wake, akasema anakumbuka ameacha sufuria jikoni, na wale wengine wakainuka mmoja mmoja, wote wamekumbuka sufuria. Baba Kuku hakunitukana. Alinifungia tu nisikanyage kwenye kiwanja chake.

Jumatatu sarafu zikashuka kama ilivyosemwa. Walionisikiliza wakaniletea salamu za shukrani, Bibi Likoni ana akili, Bibi Likoni ameona mbali, na dhahabu yangu ikawa na thamani mara tano. Ule mjadala nilishinda mimi. Nikanunua kiwanja kingine kikubwa zaidi, lakini ni upande wa mbali, na Zuhura angekijuaje? Yeye njia aijuayo ni ya kisimani.

Brayo akaniita pembeni. "Shosho, mwombe msamaha tu. Jamaa si mbaya. Atakuachia kaubao hapo."

"Mimi nimwombe msamaha mtoto?"

"Ana miaka hamsini na tatu, shosho."

Zilinichukua siku tisa. Siku tisa za kuswali, kula, kulala, na kuinua simu nikaiweka chini, kwa kuwa mimi mtu wa kuombwa radhi, sijazoea kuomba. Siku ya kumi nikaingia sokoni, na makusudi nikaingia wakati watu wamejaa, maana niliyemtukana mbele ya watu siwezi kumwomba radhi chooni, na nikasema, Baba Kuku, nilimtaja mamako, na mimi ni mama, nisamehe. Akasema amenisamehe siku ile ile, alikuwa akingoja nifike tu. Nikamweleza habari za mjukuu wangu. Akasema, "Bibi, kwa nini hukusema?" Akanifungulia kiwanja, akaniwekea ubao penye ua wa kuku. Nikaandika, "Zuhura niko hapa, nimehama tu, njoo."

Hakuna aliyejibu. Kesho yake hakuna. Wiki nzima kuku walikuwa wakidonoa chini ya maandishi yangu.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi simu ikalia. Nikasema haloo.

"Haloo? Zuhura?"

"Nani anazungumza?"

"Ni mimi, nani mwengine?"

Ndipo nikasikia kilio ambacho mtu hulia akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Alikwenda kisimani Jumapili ile, akakuta kuku. Na nyinyi mwajua desturi yetu, mtu akifa nyumbani aliyeko Uarabuni haambiwi, afichwa mpaka amalize mkataba, asije akapatwa na jambo ugenini peke yake. Yeye alilijua hilo. Alipoona nyumba haipo, hakufikiria biashara. Alisema moyoni mwake, Bibi amekufa na hawataki kuniambia. Hakuufungua tena mchezo ule. Watoto wakimwita waende mashambani alikuwa akiwaambia kichwa chamuuma.

"Nimekusomea Yasini kila usiku, Bibi," akasema. "Jikoni, kimya kimya. Kila usiku mpaka jana."

Nimesomewa Yasini niko hai, nakula mihogo, naona haya kuomba radhi.

Kisha akaniuliza, "Kwani uliiuzia nini?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumweleza. Nikamweleza sarafu zilivyozidi, na tangazo, na vile nilivyowaambia watu wakanisikiliza, na dhahabu vile imekuwa mara tano, nikazungumza kwa haraka kama mtu ashitakiwaye, nikazungumza mpaka nikasikia sauti ya tajiri wake nyuma, na simu ikakatika.

Kiwanja chochote sitauza tena bila ya kusoma maandishi, na bila ya kumuuliza mwenye maneno yake humo ndani. Hilo nimeapa. Lakini hilo ni dogo. Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu akinipigia sitamweleza kitu. Nitamwambia nisamehe, mwanangu, na hilo nitalisema kwanza, hata kabla ya kumjulia hali.