Mwajiri wa Mukakalisa

Watu wa Nyabiyonza, huku Karagwe, wakimtaja Mukakalisa siku hizi, wanamsifu utadhani wote tulikuwa upande wake. Uongo mtupu. Mwaka 1987, alipotakiwa aonyeshe kibali cha kuishi nchini au afungashe arudi Rwanda, wengi wetu tulimshauri akubali lolote ili yaishe, na mimi Deodatha, mwenye duka, nilikuwa wa kwanza. Nalisema mapema nisije nikajitia ushujaa ambao sikuwa nao.

Alikuja mwaka wa vita, 1978, mjane wa miaka arobaini na kidogo, kuchuma kahawa kwa Melkiory. Hakuna aliyekuwa na shamba kubwa pale kijijini kama Melkiory. Vibarua wake walilala ghalani, na misimu mitatu Mukakalisa alilala juu ya magunia kama wenzake. Msimu wa nne akamuaga, akanunua kipande cha mteremko kwa mzee Mutalemwa, mahali penye mawe matupu. Tulimcheka. Akaazima mtaimbo, akang'oa mawe hayo moja moja, akatandaza nyasi, akapita nyumba kwa nyumba kuomba machipukizi ya migomba. Baada ya miaka miwili alikuwa na kibanja chake. Nyumba ndani, migomba pembeni yote, moshi unapanda. Kwetu mtu asiye na kibanja ni mpita njia tu, hata akikaa miaka ishirini.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa kusuka. Alisuka vikapu vyembamba vya mkonge, vyenye vifuniko virefu vilivyochongoka, na mistari myeusi inayopanda ikizunguka mpaka kileleni. Sisi tulivisifia tu, hatukuvinunua. Mkulima atakifanyia nini kikapu kisichobeba hata ndizi tatu? Wateja wake walikuwa masista wa huko kwao, waliokuwa na duka la kuuzia wageni. Kila baada ya miezi mitatu dereva wa lori aliyekuwa akipita mpakani Rusumo alisimama dukani kwangu, akachukua vikapu, akaacha mkonge uliotiwa rangi na barua ya oda mpya. Mwanamke anaishi Tanzania, anafanya kazi ya watu wa Rwanda, na mpaka wenyewe hajauvuka tangu aje. Leo jambo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule liliwaumiza wakubwa vichwa.

Fomu zilitangulia, afisa wa uhamiaji akafuata baada ya wiki mbili. Mukakalisa alikuja na fomu yake dukani nimsomee, kwa sababu Kiswahili alikijua cha mdomo tu. Nikasoma. Jina. Mahali unapoishi. Kazi. Jina la mwajiri. Sahihi ya mwajiri. Chini kabisa pameandikwa kwamba asiyetimiza masharti ana siku thelathini za kuondoka.

"Mwajiri sina," akasema.

Nikamwambia kuna wenzake waliokwisha kujiandikisha kwa majina ya Kinyambo, ya sisi wenyeji, na hakuna aliyewasumbua. Naye anaweza kuwa Kemirembe, kwa mfano. Jina zuri.

"Na marehemu mama nimwambie nini? Kwamba alimzaa mtu mwingine?"

Wakati huohuo Melkiory akaingia. Alikuwa amekwisha kusikia. Habari pale hazikuwa na miguu mibovu. Akavua kofia, jambo ambalo dukani kwangu hakuwa akilifanya.

"Mama, usihangaike," akasema. "Niandike mimi. Wewe ni mtu wangu tangu zamani. Ninatia sahihi, mchezo umekwisha."

Nilifurahi, nakiri. Nilikwisha kushika kalamu. Mukakalisa akaivuta ile fomu kutoka chini ya mkono wangu, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Nashukuru, mzee," akasema, na akatoka.

Nilimkimbilia njiani nikiwa nimekasirika kweli. Nikamuuliza anataka nini zaidi, malaika washuke? Akasimama.

"Deodatha, kibarua akipanda mgomba kwenye shamba la bosi, mgomba wa nani?"

"Wa bosi."

"Basi. Nikiwa kibarua wake kwenye fomu, ile migomba yangu itakuwa ya nani?"

"Lakini mama, ile ni karatasi tu."

"Wewe unauza madaftari," akasema. "Usiniambie mimi karatasi tu."

Siku ya afisa, ofisi ya kijiji ilijaa mpaka madirishani. Afisa mwenyewe, Novatus, alikuwa kijana wa Muleba, shati limenyooka, muhuri uko mbele yake mezani. Wengine walipita haraka, kila mmoja na bosi wake nyuma. Mukakalisa alikwenda peke yake. Mimi nilimfuata ili nimsomee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unafanya kazi gani?"

"Ninasuka vikapu."

"Unamsukia nani?"

"Masista. Wako Rwanda."

Novatus akaweka kalamu chini. "Basi kazi yako iko Rwanda. Hapa unafanya nini?"

Mukakalisa akainyoosha mikono yake juu ya meza, yote miwili, na zile sugu zake za vidoleni. "Kazi ni hii hapa, iko Nyabiyonza. Kinachokwenda Rwanda ni vikapu."

Watu wakacheka. Novatus hakucheka. "Fomu hii ni ya mtu mwenye mwajiri, mama."

"Basi aliyeitunga hakunijua."

Hapo Melkiory akasimama. Alikuwa amekaa mbele, kiti alichowekewa yeye.

"Bwana Afisa, huyu mama ana kiburi tu, tumsamehe. Ni kibarua wangu. Anaishi kwenye shamba langu, pale mteremkoni. Lete nitie sahihi twende nyumbani."

Alilisema waziwazi, mchana kweupe, na mzee Mutalemwa aliyeuza alikuwa kaburini mwaka wa pili. Ndipo nilipoielewa ile kofia iliyovuliwa, na nilijichukia kwa kalamu niliyokuwa nimeishika.

Mukakalisa hakumtazama. Alimgeukia Byabato, balozi wetu wa nyumba kumi, akamwita kwa heshima.

"Waitu, balozi. Siku niliyonunua kwa Mutalemwa, kibuyu kilizunguka au hakikuzunguka?"

Pale kwetu shamba halikuwa na hati. Mwenye kuuza alipika lubisi, pombe yetu ya ndizi, akawaita majirani wote wanaopakana naye, na kibuyu kikazunguka kufuata mpaka, jirani kwa jirani. Mwenye pingamizi alimwaga kidogo chini na kusema neno lake, na biashara ilisimama hapohapo. Aliyekunywa alikuwa amekubali, yeye na wanawe.

Byabato akajikuna kidevu. Alikuwa akiogopa, maana watoto wake wawili walichuma kwa Melkiory. Lakini na yeye alikuwa amekunywa.

"Kilizunguka," akasema.

"Mzee Melkiory alimwaga?"

"Hakumwaga. Alikunywa." Akajikuna tena. "Akaomba tena."

"Nilikuwa na kiu!" Melkiory akapiga kelele.

Jamani. Ofisi nzima ililipuka. Wanawake walishikana mabega, mzee mmoja dirishani alikohoa mpaka akapigwa mgongo. Karagwe yote hakuna mtu aliyewahi kunywa kibuyu cha mpaka kwa ajili ya kiu, na kama yupo, halisemi mbele ya watu. Hata Novatus, mtoto wa Muleba, alijiziba mdomo kwa fomu.

"Kaa, mzee," akasema alipotulia. "Mimi si wa mashamba. Ila mahali mtu anapoishi ninapaandika." Akaandika, na mimi nikasoma kwa sauti ili wote wasikie: kibanja chake mwenyewe.

Kisha kalamu ikasimama tena. "Hapa kwa mwajiri siwezi kuacha wazi, mama. Wakubwa watanirudishia."

"Andika Mukakalisa."

"Huyo ni wewe."

"Ndiyo. Nani mwingine huniamsha alfajiri?"

"Na sahihi ya mwajiri?"

Mukakalisa akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza pale. Akakihamishia sehemu ya mfanyakazi, akakikandamiza tena. Novatus alizitazama zile alama mbili zinazofanana, akatikisa kichwa, akagonga muhuri. Kibali cha mwaka mmoja.

Mwaka ulipokwisha alikwenda wilayani Kayanga kuomba mwingine, kwa miguu, na uliofuata vivyo hivyo. Walipomchelewesha alikaa kwenye benchi lao na kuendelea kusuka, mabaki ya mkonge yakijaa sakafuni, mpaka wakachoka kufagia. Ukimwambia apumzike aombe tu uraia, alikuwa mkali. Alisema ataomba siku atakayotaka yeye, si siku ya kuogopa. Melkiory hakumsalimia miaka miwili, baadaye akazoea.

Alifariki mwezi wa tatu mwaka 1995, homa ya siku nne, kibali chake kikiwa kimebakiza miezi. Kwetu mwenye kibanja huzikwa kibanjani kwake, na asiye nacho huzikwa kwa hisani ya mtu. Byabato hakuuliza mtu yeyote. Alichukua jembe, akaingia moja kwa moja katikati ya migomba ya Mukakalisa, akaanza kuchimba.

Julai akaja karani mgeni kutoka Kayanga, na orodha mkononi. Alisema kuna mwanamke wa Kinyarwanda ambaye hakuja kuhuisha kibali, na anataka kujua ameondoka nchini tarehe gani ili amfute. Nilifunga duka. Nikampeleka mteremkoni, nikamwonyesha kaburi.

"Hajaondoka," nikamwambia. "Andika hivyo."