Mkanda wa Kiuno Ambao Hatukuufunga

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Vifaa alinikabidhi begi kubwa la rangi ya mchanga, la aina ile wanayobeba wanajeshi, akanitaka nilivae mbele yake kabla hata sijaonyeshwa pa kukaa. Alikuwa Mkenya, na ofisi yake ilikuwa kontena lililochemka kwa jua la Juba. Mimi nilikuwa mkunga niliyesomea Uganda ukimbizini. Nilijua kupima mimba, kukata kitovu na kuzuia damu. Begi sikulijua, kwetu mzigo hupanda kichwani.

"Sikiza, Sista," akaniambia. "Hii sponji ya mgongo inaacha hewa ipite. Hii mkanda ya kifua inazuia ile ya mabega isiteleze. Lakini kazi yote iko kwa hii ya kiuno. Ukiifunga juu ya nyonga, nyonga ndio inabeba. Mabega ni ya kushikilia tu."

Nililipenda begi lile, sifichi. Nje lilikuwa na safu za mikanda iliyoshonwa, unapachika vijifuko utakavyo: glavu huku, uzi na mkasi kule, ili mama akishikwa na uchungu njiani usianze kupekua. Mfuko wa maji ulikaa ndani, na mrija wake ukaja hadi mdomoni. Vitu vizito kama chupa za dripu tulivipanga katikati, vikigusa mgongo. Ukiviweka nje, begi linakuvuta nyuma nawe unatembea umeinama kama anayetafuta sindano.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa ng'ambo ya mto, ambako gari halifiki. Tulifuata wajawazito kwa miguu, kijiji hadi kijiji. Msimamizi wetu, Sista Mkuu, alikuwa mama wa makamo aliyeivuka vita yote akitembea. Aliponiona nimefunga mkanda wa kiuno kama nilivyofundishwa, alikuja akaufungua mwenyewe.

"Wewe iko na watoto?"

"Nina mtoto wa kiume, Sista."

"Basi usifunga hii. Bunduki ikilia, mtu anatupa begi anakimbia. Mwenye kufunga anabaki na begi yake. Mimi nimeona."

Hakuna aliyembishia. Kituo kizima kilitembea hivyo, bila kufunga kifua, mikanda ya kiuno ikining'inia. Wengine waliikata wakafungia mbuzi. Wala hakukosea. Msimu wa mvua uliofuata, risasi zililia karibu na kivuko. Nikatikisa mabega, begi likaanguka matopeni, nikaingia vichakani nikiwa mzima. Tangu hapo, mtu angeniambia nifunge kiuno ningemcheka.

Baadaye nilihamishiwa Lemon Gaba, nje kidogo ya Juba, kisha vituo vingine vya pembezoni, na kote huko sikukimbia tena. Lakini mazoea yana tabu. Niliendelea kutembea na kiuno wazi, uzito wote ukilala mabegani, miaka nenda miaka rudi. Vidole vya mkono wa kulia vikawa vinakufa ganzi njiani. Nilivikung'uta, hisia ikarudi. Wenzangu nao walikung'uta vyao, tukasema ni uchovu, kalas, basi, twende.

Asubuhi moja niliweka mkono juu ya tumbo la mama mmoja nikitafuta kichwa cha mtoto. Mkunga husoma kwa vidole: hapa mgongo, hapa kisigino. Siku hiyo mkono wa kulia haukunisomea kitu. Nikauondoa, nikaurudisha, ukawa vilevile. Nilimwita mwenzangu amalizie, nikatoka nje, nikalia.

Daktari Msimamizi, kijana wa kwetu aliyekulia Kenya, alinipima Juba.

"Malesh, pole, mama," aliniambia kwa upole. "Mishipa ya fahamu inapita hapa, chini ya mkanda wa bega. Imebanwa kwa muda mrefu, sidhani itarudi. Kwani hukuwa unafunga kiuno?"

Nikamweleza sababu. Alilichukua begi langu likiwa limejaa, akafunga kifua na kiuno, akasimama wima. Kisha akabana klipu ya juu na ya chini, akashusha mabega, na begi likawa sakafuni.

"Kufungua ni kazi ya vidole tu, mama. Ilitaka mazoezi kidogo."

Afisa Vifaa alinifundisha kufunga, Sista Mkuu akanifundisha kutofunga, na katikati hapakuwa na mtu wa kutufundisha kufungua. Simlaumu Sista Mkuu, kwa maana neno lake liliniokoa. Najuta tu, na majuto yangu hayana mtu wa kumshika shati.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa New Site, hapa Juba. Nikienda sokoni Custom nawaona vijana wenye mabegi kama lile, mkanda wa kiuno ukipigapiga mapajani. Nawaambia wafunge, na wafanye mazoezi ya kufungua hadi wachoke. Wengine husikiliza.

Mwezi uliopita mke wa mwanangu, mwenye mimba ya mjukuu wangu wa kwanza, alijilaza kwenye mkeka wangu.

"Kliniki wamesema iko sawa," akasema, "lakini mimi nataka mkono yako, Mama."

Akaushika yeye mwenyewe, ule wa kulia, akauweka tumboni. Kisha akacheka.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, binti yangu," nikamwambia, kwa sababu nilikuwa nimeona kitenge kikiruka chini ya vidole vyangu.