Kikombe Alichojipokelea Hilaire

Hilaire ni mume wa dada yangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na kwetu shemeji ana ruhusa ya kusema. Nimeitumia ruhusa hiyo miaka mingi na bado haijaisha.

Ukimtaka siku za kazi, utamkuta mlangoni mwa jengo moja la ofisi karibu na Schuman, kwenye mtaa wa ofisi za Ulaya hapa Ubelgiji, amevaa koti la ulinzi, anawaambia watu wapitishe mikoba yao kwenye mashine. Ni kazi halali. Mimi mwenyewe nasuka nywele kwenye saluni jirani na Porte de Namur, kwa hiyo sina cha kumcheka mlinzi. Lakini Hilaire hajawahi kukiri mbele ya mtu yeyote kwamba ni mlinzi. Husema anafanya kazi "ku Europe", na akiulizwa zaidi hukohoa. Kule Bukavu alikuwa karani wa shule ya msingi. Nalijua hilo kwa sababu nilisoma hapo hapo. Tulipofika Ubelgiji, ukarani ukageuka ukatibu. Miaka michache baadaye alikuwa amekwisha kuwa mwalimu mkuu msaidizi wa shule ile. Siku hizi, akishapata bia mbili, yeye ndiye aliyeijenga.

Mfukoni ana kadi zenye jina lake. Ni rais wa jumuiya ya watu wa mtaa wake wa zamani, rais wa chama cha kuzikana, na rais wa chama kingine ambacho, kwa kadiri nijuavyo, mwanachama wake mwingine ni dada yangu Rolande tu. Ukimwita mwenyekiti anakurekebisha: yeye ni rais. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilaire hujitembeza hadi msibani, akigawa kadi kwa waliofiwa.

Basi mtu huyu Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Élodie, na mtoto akatoka mpole. Sijui upole huo aliutoa wapi. Mwaka huu alikuwa anamaliza sekondari kwenye shule moja ya Ixelles, na katika shule hiyo kuna kikundi cha bendera. Wasichana hushika bendera kubwa za rangi zilizofungwa kwenye fito ndefu, huzizungusha na kuzirusha juu kwa mapigo ya ngoma, halafu huzidaka wote kwa pamoja. Kikundi kilianzishwa na mwalimu wao wa michezo, Latifa, binti wa Kirundi mzaliwa wa Bujumbura, asiye na maneno mengi. Msimu huanza na gwaride za kanivali, huisha kwa mashindano ya shule, na mwezi wa Juni hufanyika sherehe ya tuzo. Nywele zao wote nazisuka mimi, ndiyo maana habari zao zote ninazo.

Kikundi kilipohitaji kamati ya wazazi, Hilaire akawa rais. Hakuna aliyempigia kura. Wazazi walikuwa wanawahi basi, naye alikuwa amekwisha kusimama mbele na kuanza kushukuru.

Katika mashindano ya mwaka huu, Élodie aliangusha bendera. Ilimponyoka mkononi katikati ya uwanja, naye akabaki amesimama, mikono usoni. Msichana wa pembeni yake, Jémima, alimsukumia bendera yake mwenyewe, akainama, akaiokota ile iliyoanguka na kuingia nayo kwenye mzunguko kana kwamba ndivyo walivyofundishwa. Waamuzi wengi hawakugundua lolote. Kikundi kikapata nafasi ya tatu, na wasichana wakacheza ngoma ndani ya tramu hadi dereva akachoka kuwakanya. Wiki iliyofuata Latifa akawauliza kikombe cha msimu kiende kwa nani. Walinyoosha mikono kwa Jémima, na mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Élodie. Alinisimulia mwenyewe nikimfumua nywele, akicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu aangushe bendera.

Jumapili moja nilikuwa kwa Hilaire, tunakula. Latifa akaja kumpa jina la mshindi, maana mwaka huu rais alikuwa ametangaza kwamba kikombe atakinunua yeye na kukichongesha yeye. Latifa hakuwa hata amekaa alipokiona juu ya televisheni. Kilikuwa kikubwa kama sufuria ya msibani, kina masikio mawili, na tumboni kimekwisha kuchongwa: Élodie.

"Papa Hilaire," Latifa akasema taratibu, "wasichana wamekwisha kuchagua. Ni Jémima."

"Mademoiselle, kwetu mwenye kununua mbuzi njo anakata nyama," Hilaire akajibu kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, chenye "njo" kwa "ndiye" na "ba" kwa "wa".

"Lakini kikombe ni cha kikundi."

"Donc kikundi iko na président, na président iko na mutoto. Papa ya Jémima, nani anamujua?"

Latifa alinitazama mimi, nami nikatazama sahani yangu, maana dada yangu alikuwa amenibana mguu chini ya meza. Élodie alitoka jikoni akifuta mikono.

"Papa, ukinipatia hii kikombe, benzangu bote batasema niliiba," akasema. "Njo banarafiki niko nabo. Lundi ku masomo sitabakia na muntu."

"Batanyamaza," Hilaire akasema. "Wewe utaona vile batanyamaza."

Alidhani amemfariji. Huyo ndiye baba mwenye mtoto mmoja, anaambiwa waziwazi kitu gani mtoto huyo anaogopa kupoteza, na anasikia shangwe tu. Nilimdharau pale mezani kwa namna ambayo hata ruhusa ya shemeji haiifikii.

Sherehe ilifanyika Jumamosi mchana kwenye bwalo la shule. Wasichana, wenye sherehe, waliwekwa kwenye mabenchi karibu na mlango wa jikoni. Mbele kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, maua na chupa za maji, na nyuma yake wageni wa heshima: shemasi mmoja, wakala wa bima, na bwana mwenye mkufu wa shaba kifuani ambaye hakuna aliyejua ni wa nini. Hakuna kati yao aliyewahi kuona bendera ikirushwa. Wakala wa bima aliwapongeza wasichana kwa uimbaji wao.

Kwetu tuzo haichukuliwi kimyakimya. Anayeitwa jina hasindikizwi na miguu yake tu: shangazi, mama wadogo na majirani huinuka na vitenge vyao, hupiga vigelegele, humchezesha hadi mbele. Kama mwenyewe hayupo, ndugu hupokea kwa niaba yake, kwa sababu zawadi ikishatajwa jina hairudi mfukoni. Na ndugu aliyeitwa kupokea hakatai. Kukataa mbele ya watu ni tusi litakalosimuliwa kwenye misiba ya wajukuu.

Hilaire alikamata kipaza sauti kwa mikono miwili na hakukiachia. Tuzo ndogo zilitolewa kwanza: ya nidhamu, ya kuwahi, ya usafi wa soksi. Kwa kila tuzo mgeni mmoja wa heshima alisimama kukabidhi na kusema machache, na kwa kila machache Hilaire aliongeza mengi. Latifa hakupewa nafasi ya kusema hata neno moja. Alikuwa amesimama ukutani na filimbi yake shingoni, akitazama saa.

Wali ulikuwa unaanza kupoa Élodie aliponijia kwenye meza yangu. Mama yake hakuwepo. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na siku hiyo walimnyima ruhusa.

"Mama mudogo," akaninong'oneza, "akiniita siendi. Niko natoka inje. Alors atakuita weye, juu maman haiko. Tafazali, usiende."

"Siendi," nikamwambia.

Akanitazama kuhakikisha, akatoka kwa mlango wa jikoni. Wenzake walimfuata mmoja mmoja, na bendera zao, hadi mabenchi yakabaki matupu. Hilaire hakuona, alikuwa anaeleza historia ya shule aliyoijenga Bukavu.

Hatimaye akakiinua kikombe. "Bon, chers amis, sasa njo kikombe yenyewe ya saison. Na anayeipata ni Élodie, mutoto wangu mwenyewe. Akuje hapa mbele."

Wanawake wa jumuiya yake waliinuka kama walivyopangwa. Walitoka nyuma na vigelegele, vitenge vinapepea, wakacheza hadi mbele ya meza nyeupe, wakageuka kumpisha mtoto, na mtoto hayupo. Wakaendelea kucheza. Mwanamke akishaanza kumchezesha mtu hawezi kuacha hivi hivi, basi walizunguka palepale, wakitazamana, mmoja akitafuta kiatu chake kwa kidole cha mguu.

"Élodie iko wapi?" Hilaire akauliza. "Bon. Familia iko. Mama mudogo Bibiane, kuya upokee ku nafasi yake."

Bibiane ni mimi. Bwalo zima liligeuka. Nilikuwa na paja la kuku mkononi. Nilimtazama shemeji yangu machoni, na nilijua nilichokuwa nafanya na tusi hilo litasimuliwa wapi, nikaling'ata lile paja nikaanza kutafuna. Aliniita tena. Nikachukua na chumvi.

Mtu mwingine angekiweka kikombe mezani na kuomba watu waendelee kula. Hilaire alisogea kidogo upande wa kulia, akafunga kifungo cha koti.

"Le comité anatoa," akasema, akanyoosha kikombe kwa mkono mmoja. Kisha akasogea upande wa kushoto. "Na familia inapokea," akakishika kwa mkono mwingine.

Watu walidhani ni mzaha, wakasubiri mwisho wake. Haukuwa mzaha. Kwa niaba ya familia alianza kumshukuru rais wa kamati kwa ukarimu wake, kwa moyo wake wa mzazi, kwa usiku ambao rais hakulala akiwaza vijana. Alipangusa jicho. Mwenye mkufu wa shaba akapiga makofi, na shemasi naye, kwa kuwa wageni wa heshima kazi yao ni hiyo. Wanawake waliocheza walirudi vitini wakijifunga vitenge upya. Nimeona watu wapumbavu katika maisha yangu, saluni huwaleta wa kila aina, lakini sijaona mtu akijidhalilisha kwa furaha namna ile.

Kisha ngoma ikasikika nje. Wasichana walikuwa wamepanga mistari yao uani na kumweka Jémima katikati, wanarusha bendera kumzunguka. Akina mama wakaanza kutoka na sahani zao kwenda kutazama, halafu akina baba, na Hilaire alipoona anashukuru viti, naye akatoka, kikombe kifuani. Nilimfuata kwa karibu.

Wasichana walipomwona waliacha kurusha. Alimwendea Élodie moja kwa moja. "Chukua."

"Papa, upatie Jémima."

Hilaire akatazama huku na huku. Watu walikuwa wamejaa uani na kwenye madirisha, simu zimeinuliwa. Mimi nikasimama nikisubiri uchafu mwingine. Lakini aligeuka, akamwendea Jémima, akamkabidhi kikombe.

Ua mzima ulilipuka kwa vigelegele, na safari hii havikuwa vya kupangwa. Wasichana walimrukia Jémima. Élodie alimkimbilia baba yake, akamkumbatia shingoni kwa mkono mmoja, akaegemeza kichwa begani kwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo. Mtu akapiga picha: Hilaire, binti yake, Jémima na kikombe, na Latifa pembeni akicheka. Yote niliyowahi kusema juu ya mtu huyu nilikuwa tayari kuyameza, na karibu nimwendee nimwombe radhi.

Picha ikaisha. Hilaire akanyoosha mkono.

"Bon, Jémima, sasa urudishe. Iko na jina ya mwenyewe."

Jémima alikirudisha kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa. Élodie alitoa mkono wake shingoni mwa baba yake polepole, akaanza kuviringisha bendera yake kwenye ufito, na Jémima akamshikia upande wa pili. Kwa wenzake alikuwa salama. Walikuwa wameona wenyewe nani ni nani.

Alipomaliza alikuja na begi lake.

"Mama mudogo, kwako kuko nafasi?"

"Iko," nikamwambia.

Tulipotoka, Hilaire alikuwa langoni na wakala wa bima, amekwisha kutumiwa ile picha, anaikuza kwa vidole viwili. "Muone," alikuwa anasema, "muone vile mutoto ananipenda." Tulipita nyuma yake na begi, hakugeuka.

Élodie yuko kwangu hadi leo. Dada yangu huja Jumapili baada ya misa, huleta chakula na kulia kidogo. Hilaire hajaja. Huwaambia watu kwamba binti yake yuko internat, yaani bweni, kwenye shule kubwa. Picha ameichapisha na kuitundika ukutani juu ya kikombe, na kila mgeni lazima aonyeshwe mkono wa mtoto ulivyo shingoni mwake.