Matundu Yaliyokubaliana

Mimi na mwenzangu, Mkenya aliyehamia Jinja kikazi, tulikodi chumba mtaa wa Nalufenya tukakigeuza karakana. Tulikuwa tukibuni bati jembamba jeusi la kuchuja mwanga, lenye matundu madogo kama ncha ya sindano. Ukilitazama, ungedhani matundu yametupwa ovyo, kama mtama uliomwagika. Kumbe kompyuta ilikuwa imeyapanga: ukichagua eneo kubwa la kipimo kilekile popote, idadi yake hubaki karibu ileile. Kwa karibu huoni mpangilio wowote. Upo kwenye upana wa bati zima.

Asubuhi tulipopitisha mwale mwekundu wa leza kwa mara ya kwanza, ukutani ilitokea nukta kali, giza la duara likiizunguka, kisha pete ya mwanga. Mwenzangu alipiga makofi. Mimi nilizijua hesabu zote zilizoleta giza lile, lakini sikupenda kuligeuzia mgongo.

Mwisho wa wiki nikalipeleka bati Mbale kumwonyesha mama, askari magereza mstaafu. Alilielekeza dirishani, akalitazama mpaka chai ikapoa.

"Nani ameyapanga haya?"

"Kompyuta, mama. Wengi huyaona ovyo tu."

"Si ovyo. Hayakusongamana, wala hakuna pengo. Asubuhi moja wafungwa walisimama hivi uwanjani, kila mtu na lake. Nikasikia baridi."

"Halafu?"

"Wakakaa chini wote kwa pamoja. Hatukusikia amri. Afande akawahoji mmoja mmoja: nani kawaambia mkae? Kila mmoja akamjibu vilevile: kwani tulikaa?"

Akalifunika bati kwa leso. "Kesho uondoke nalo, mwanangu."

Niliporudi karakana nilikuwa peke yangu. Nikachukua sindano, nikafumba macho, nikatoboa matundu mengine popote mkono ulipoangukia. Nikawasha mwale. Lile giza la duara lilikuwa limejaa mwanga hafifu kama ukungu. Nikashusha pumzi.

Mwenzangu aliingia akanikuta. "Umeliharibu! Kwa nini?"

Nikamsimulia ya mama. Nilitarajia atacheka. Akavuta kiti, akakiegemeza ukutani pasibaki nafasi nyuma yake, ndipo akaketi.

Tulitengeneza jingine, maana ndiyo kazi yetu, nalo linachuja mwanga vizuri kuliko la kwanza. Ila mwale hauwashwi mpaka tuwe wawili chumbani. Hatujawahi kukaa tukalizungumza jambo hilo, wala hakuna aliyetoa amri.