Risasi Zilizopakwa Mafuta

Katika kampuni ile ya ulinzi walimwita Mzee Grisi, na jina likamkaa. Alikuwa mtunza bunduki, na adui yake alikuwa kutu. Bunduki iliyorudi kutoka zamu imelowa haikuachwa hivyo. Aliipangusa, akapitisha kitambaa ndani ya mtutu, akaipaka mafuta mepesi, kisha akafuta alama za vidole, maana jasho nalo hula chuma.

"Baba watoto," mkewe alimtania, "ningezaliwa bunduki ningependwa."

Mvua zilipozidi, shaba ya risasi ikaanza kuota ukijani. Mzee akazipaka mafuta zote, mpaka kwenye fataki, pale pini inapogonga kuwasha baruti. Hakumwuliza mtu. Nani angemfundisha yeye?

Asubuhi moja wezi walivamia ghala la unga. Mlinzi wa zamu alivuta kifyatulio mara mbili. Bunduki ikalia ta, ta, basi; risasi haikutoka. Wakampiga nondo wakamvunja bega, wakabeba walichotaka. Meneja akaamini kwamba aliogopa kufyatua, na wenzake wakampa jina.

"Mbio, leo umekuja na viatu vya riadha?"

"Niliivuta, jamani!"

"Ulivuta pumzi!"

Mzee Grisi aliyasikia hayo akiwa dirishani pake. Ukweli alikuwa nao mfukoni. Ile risasi aliitoa kwenye bunduki mwenyewe, akaona fataki imegongwa barabara. Mafuta yalikuwa yamepenya ndani yakaiua. Lakini alinyamaza. Alijiambia kwamba yu karibu kustaafu, kwamba wajukuu wanamtegemea, kwamba meneja huenda akalegea mwenyewe. Anayetaka kunyamaza hakosi sababu.

Meneja hakulegea, akamfukuza kazi. Mlinzi akaja kukabidhi sare, mkono mmoja umefungwa shingoni, akihangaika kukunja shati kwa ule mwingine.

"Shikamoo, mzee. Nimeifua."

 Mzee alitoka, akamshika kijana mkono mzima, akaingia naye kwa meneja na kuiweka risasi mezani.

"Alifyatua. Risasi ndiyo iliyokuwa imekufa, na niliyeiua ni mimi na mafuta yangu."

Meneja aliigeuzageuza. "Umejua lini?"

"Siku ile ile."

"Na ukatuacha tumfukuze?"

 Meneja akanyoosha kiganja kupokea funguo za chumba cha silaha, kisha akamsukumia mlinzi sare yake.

Nje, mzee alisema, "Nisamehe, mwanangu."

"La mafuta nimekusamehe, mzee wangu. Hukujua." Kijana aliliweka shati begani, upande usiouma. "Lakini walipokuwa wananicheka, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nilidhani wewe tu ndiye unayenionea huruma."

Wako waliosema meneja alimwonea mzee, kwamba kosa la kutojua halistahili adhabu. Mzee mwenyewe hakukubali kutetewa hivyo. Kwa mafuta hakujua. Kwa kimya chake alijua kila asubuhi.