Jana Umelisha Wangapi

Kuhesabu ndiyo kazi niliyoijua. Nilikuwa karani wa pamba katika chama chetu cha ushirika, upande wa Nassa, mpaka soko huria lilipoleta wanunuzi binafsi na mizani yao, nasi makarani tukaambiwa twende nyumbani. Mto ulipofurika na kubomoa nyumba za bondeni, ofisi ya kijiji ikanikumbuka. Nikapewa fomu ya kuandika idadi ya watu waliokimbia makazi yao, ili wilayani wajue walete mahindi kiasi gani.

Nilizunguka vitongoji siku mbili, nikarudi na watu kumi na mmoja, wale waliolala darasani. Niliona aibu. Bonde zima lilikuwa maji.

Kosa lilikuwa swali langu. Kila kaya niliuliza kama wana wahanga, na kila kaya ilijibu haina. Kwetu Usukumani, mtu aliyeingia nyumbani kwako na jembe lake begani haitwi mhanga. Ni mtoto wa kaya, basi. Kumwandikisha kwenye fomu ni kumtukana, na sisi kwa ukarimu tuna kiburi, sikatai.

Nikaanza upya kwa mjane mmoja, jirani ya mama yangu. Ghala lake la michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokatwa na kukaushwa, lilikuwa limebaki vumbi, na bado mara ya kwanza aliniambia hana mtu. Safari hii fomu niliiacha mfukoni, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Jana umelisha wangapi?"

Akanyoosha mgongo. "Ishirini na watatu, ukiacha wangu wanne. Na hakuna aliyelala njaa."

Akawataja mmoja mmoja na kule walikotoka, hata kichanga cha siku tisa, maana mama yake alikula kwa ajili yake. Kila kaya ikawa hivyo. Fomu ilijaa, nikaongeza kurasa za daftari, na nilijivunia kijiji changu kuliko nilivyowahi kujivunia kazi yoyote.

Wilayani hawakuamini. Bwana mmoja akaja na gari, akasema namba zangu zimenona mno, na asipoona kwa macho yake mahindi yatakuja ya watu kumi na mmoja. Nikampeleka kwa mjane.

"Mama, una wahanga wangapi?"

"Sina, baba."

Akafungua kalamu ili aikate namba yangu. Nilikasirika. Nikamwomba aulize kama nilivyouliza mimi, naye akauliza, shingo upande.

Mjane akageuka akaita watu wake. Wakatoka nyuma ya nyumba na shambani, wazee kwa watoto, wakakaa kuzunguka vyungu, mpaka uwanja ukajaa. Kisha akamtazama yule bwana kuanzia viatu hadi kofia.

"Jana ishirini na watatu," akasema. "Leo ishirini na wanne. Nawa mikono, baba."

Akanawa, akala, akatia sahihi.